Fundi, Mchoro na Mashine: Kazi za Wanafunzi katika Historia ya Utengenezaji wa Kidijitali

Utengenezaji wa kidijitali, yaani kutengeneza vitu kwa mashine inayofuata mchoro wa kompyuta, husimuliwa mara nyingi kama historia ya mashine tu. Mashine inabuniwa Marekani au Ulaya, inauzwa, inafika chuoni, kisha mwanafunzi anafundishwa kuitumia. Katika insha hii ninadai kwamba mpangilio huo unaficha nusu ya mambo. Baadhi ya zana zenyewe zilitokana na kazi za wanafunzi. Zaidi ya hayo, katika kazi hizo ndimo kuchora na kutengeneza, mambo mawili yaliyokuwa yametenganishwa kwa makusudi, yaliporudi mikononi mwa mtu mmoja.

Neno "kwa makusudi" linahitaji maelezo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, John Parsons, mwenye kiwanda katika jimbo la Michigan, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Maumbo yake yaliyopinda yalikuwa magumu kuchongwa kwa usahihi uliotakiwa. Mwaka 1949 alipata mkataba wa Jeshi la Anga la Marekani, naye akaomba msaada wa maabara moja ya MIT, chuo maarufu cha teknolojia huko Massachusetts. Mwaka 1952 maabara hiyo ilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu. Matundu hayo yalikuwa namba, na namba zilikuwa amri: sogea hapa, shuka pale.

Wakati huo ilikuwapo njia nyingine. Kampuni ya General Electric ilijaribu mfumo ambamo fundi hodari alichonga kipande cha kwanza kwa mikono yake, mashine ikarekodi mienendo yake kwenye utepe, kisha ikairudia yenyewe. Njia hiyo haikuweza kuanza bila fundi. Ile ya MIT ilimhitaji mhandisi aandike namba akiwa ofisini. Mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kiitwacho Forces of Production, alidai kwamba njia ya MIT haikushinda kwa ubora wake peke yake. Ilishinda pia kwa sababu wakubwa wa viwanda na jeshi walitaka ujuzi utoke kwa wafanyakazi na kuhamia kwa wasimamizi. Mtu anaweza kumjibu Noble kwamba vipande vya ndege vilikuwa na maumbo ambayo hakuna mkono ungeweza kuyachonga kwanza ili yarekodiwe. Jibu hilo naliona lina nguvu kwa ndege, lakini halielezi kwa nini utaratibu huohuo ulipelekwa pia kwenye kazi za kawaida ambazo fundi aliziweza vizuri. Mwaka 1959 MIT iliwaalika waandishi wa habari waone lugha ya kompyuta ya kuongozea mashine hizo, iliyoitwa APT, na wageni waligawiwa visahani vya alumini vya majivu ya sigara vilivyochongwa kwa lugha hiyo. Fedha za jeshi, hesabu za miaka, na matunda ya kwanza kuonekana hadharani ni kisahani cha majivu!

Upande wa kuchora ulipata hatua yake kubwa kutoka kwa mwanafunzi. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa akisomea uzamivu MIT, aliwasilisha tasnifu kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Mtumiaji alichora kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga, akaiagiza mashine kwamba mistari hii miwili iwe sambamba, nayo ikaipanga. Programu za usanifu tunazoziona leo zimetokana kwa sehemu kubwa na wazo hilo. Hata hivyo Sketchpad iliishia kwenye kioo. Kitu cha kushika mkononi hakikutoka.

Aliyevuka mpaka huo ni Carl Deckard, nami namwona wa muhimu zaidi katika simulizi hili kwa kuwa alianza akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kama sisi. Wakati wa likizo ya mwaka 1981 alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha Houston kilichohudumia sekta ya mafuta. Aliona kwamba vipande vingi vya mashine vilianza kwa kusubu chuma, na kwamba kielelezo cha kutengenezea kalibu kilichongwa kwa mkono, kazi ya ustadi inayokula muda mrefu. Akajiuliza kama kielelezo hicho kisingeweza kutoka moja kwa moja kwenye mchoro wa kompyuta. Jibu lilimjia miaka michache baadaye akiwa Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Utandaze unga kuwa tabaka jembamba. Upitishe mwale wa leza pale tu panapotakiwa na mchoro, unga ugandane. Utandaze tabaka jingine juu yake, urudie, hadi kitu kikamilike. Unga usioguswa na mwale unabaki unga, na mwishoni unapukutishwa.

Alilipeleka wazo hilo kwa mhadhiri kijana wa idara ya uhandisi, Joe Beaman, aliyekubali kumsimamia, na Deckard akaendelea nalo hadi uzamili na uzamivu. Vifaa vyake vya mwanzo vinafaa kutajwa. Mwale uliongozwa na Commodore 64, kompyuta ndogo ya nyumbani ambayo vijana wengi wa wakati ule waliitumia kwa michezo. Unga wa plastiki aliunyunyiza kwa chombo alichokitengeneza mwenyewe, mfano wa kikopo cha chumvi chenye matundu. Vipande vya kwanza havikuwa na sura ya kuvutia, lakini vilionyesha kwamba jambo linawezekana. Ombi la hataza liliwasilishwa mwaka 1986 na hataza ikatolewa mwaka 1989. Leo mbinu hiyo hutengeneza vipande vya ndege na vifaa vya tiba.

Naomba wahadhiri wetu wanisamehe kwa hili: kazi ya Deckard haikuwa na mwongozo wa kusahihishia. Isingeweza kuwa nao, kwa kuwa hakuna aliyejua jibu. Swali lenyewe halikutoka darasani. Lilitoka kiwandani, kwa kijana aliyemtazama fundi akichonga kwa saa nyingi. Ndiyo maana nasema kuchora na kutengeneza vilikutana tena. Deckard hakuanza kwa kumdharau fundi. Alianza kwa kuielewa kazi yake vya kutosha kujua ugumu uko wapi. Kama njia yake baadaye iliwapunguzia kazi wachongaji wa vielelezo, hilo ni swali ambalo Noble angeliuliza, na ni haki liulizwe.

Mwaka 1998 Neil Gershenfeld, mwanafizikia wa MIT, alifungua somo ambalo kwa tafsiri yangu liliitwa "Namna ya Kutengeneza (Karibu) Kila Kitu". Alikusudia kuwafundisha watafiti wachache matumizi ya mashine za gharama kubwa. Alitarajia wanafunzi kama 10. Walikuja kama 100, wengi wao wakiwa wasanii na wasanifu majengo wasio na msingi wa uhandisi. Kila wiki walijifunza mbinu moja: kukata kwa leza, kuchonga mbao, kutengeneza saketi, kumimina kwenye kalibu, kuandika programu. Kisha kila mmoja aliziunganisha mbinu hizo katika kazi yake ya mwisho. Kelly Dobson alitengeneza mfuko wa kuvaa kifuani ambao mtu anaupigia yowe mahali asipoweza kupiga yowe, kisha anaifungulia sauti hiyo baadaye mahali panapofaa. Unaweza kucheka. Lakini kifaa hicho kinafanya kazi, na kimebuniwa, kimechorwa na kimeundwa na mtu mmoja. Gershenfeld aliona pia kwamba wanafunzi walifundishana: aliyeshika mbinu leo alimfundisha aliyeihitaji kesho.

Kutoka katika somo hilo ulitokea mtandao wa karakana zinazoitwa Fab Lab. Ya kwanza nje ya MIT ilianza mwaka 2003 katika mtaa wa South End, Boston, katika kituo kilichoongozwa na Mel King, mwanaharakati Mweusi aliyewahi kugombea umeya wa jiji hilo. Kwa msaada wa Waghana waishio eneo hilo, karakana nyingine ilifunguliwa mwaka 2004 katika chuo cha ufundi cha Takoradi, pwani ya Ghana. Hivyo Afrika haikuja mwishoni mwa foleni. Hapa Kigali, FabLab Rwanda ilifunguliwa mwaka 2016 huko Kacyiru.

Ufunguzi wa milango haukumaliza tatizo. Paulo Blikstein, aliyeanzisha karakana za namna hii kwa ajili ya shule alipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika mwaka 2013 juu ya kile alichokiita ugonjwa wa vishikio vya funguo. Aliwafundisha wanafunzi kukata kishikio cha funguo kwa leza. Kilikuwa kizuri, kilisifiwa, na wanafunzi wakaendelea kuvitengeneza tu bila kutaka kujaribu jambo gumu zaidi. Kitu rahisi kinachong'aa kiliua udadisi. Naamini ugonjwa huo ni hatari zaidi kwetu kuliko kwa Stanford. Huko mwanafunzi akichoka vishikio, mtu aliyeunda mashine hiyo anaweza kuwa katika jengo la jirani. Kwetu mashine hufika ikiwa imefungwa, na ikiharibika hungoja kipuri.

Wapo walioifungua. Mwaka 2013 huko Lomé, Togo, Afate Gnikou wa karakana ya WoeLab aliunda printa ya 3D kwa kutumia sehemu za skana, printa na kompyuta zilizotupwa. Huko Kenya, Roy Ombatti, akiwa mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alisanifu viatu vya kuchapwa kwa printa ya 3D kwa ajili ya watu ambao miguu yao imeharibiwa na funza na haiingii katika viatu vya dukani. Baadaye alianzisha kazi ya kuunda printa zenyewe, akitumia pia taka za kielektroniki. Tazama mfanano na Deckard: swali limetoka nje ya darasa, kwenye mguu wa mtu anayejulikana, na jibu limemlazimu mwanafunzi kuingia ndani ya mashine.

Kama msomaji wa Kiswahili, naona neno moja linapita katika habari hii yote. Fundi kwetu ni mtu anayejua kwa mikono, na Kinyarwanda kililipokea neno hilo, likawa umufundi, hasa mwashi wa nyumba. Kutoka Kacyiru ilipo FabLab hadi Gakiriro ya Gisozi, ambako maseremala na wachomeleaji hutengeneza vitanda, milango na mageti kuanzia asubuhi hadi jioni, ni kushuka bonde na kupanda upande wa pili. Atakayetaka kuiandika sehemu inayofuata ya historia hii aanze kwa kuuliza ni wanafunzi wangapi wa upande mmoja wamewahi kukaa na mafundi wa upande wa pili, na walirudi na maswali gani.