Unataka Yamaha DT au AG100 ya zamani kwa njia za msituni? Soma hapa kwanza

Dar es Salaam. Bwana shamba, mganga wa zahanati na padri wa parokia ya kijijini waliwahi kufanana kwa jambo moja: pikipiki ya Yamaha inayolia kama msumeno wa kukatia miti na kuacha moshi wa bluu nyuma yake. Mara nyingi ilikuwa DT125, DT175 au AG100.

Nyingi zimeshauzwa minadani kama vyombo chakavu. Baadhi zimeangukia mikononi mwa watu wanaozitaka kwa kazi nyingine kabisa: kupanda milima, kuvuka makorongo na kupenya vijia vya msituni siku za mapumziko.

Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri kweli. Ukoo wa DT ulianza na DT-1 ya sisi 250 mwaka 1968, na tangu mwanzo ulitengenezwa kwa barabara na porini. Uzito wa DT125 unacheza kwenye kilo 100, hivyo ikianguka kwenye tope unaiinua mwenyewe. AG100 ni ya shambani zaidi. Ina keria mbele na nyuma, na cheni yake imefunikwa kabisa, jambo ambalo kwenye tope ni neema.

Shida ni kwamba pikipiki hizi zinakufa kwa namna tofauti na bodaboda za kawaida, na mafundi wengi wa sasa wamekulia kwenye bodaboda.

Oili inaingia na petroli

Injini hizi ni za mipigo miwili, maarufu mtaani kama tustroki. Hazina valvu za kichwani wala cheni ya taimingi. Pia hakuna oili inayokaa chini ya injini ikizunguka kulainisha pistoni. Oili inaingia pamoja na petroli, inalainisha, kisha inaungua. Moshi wa bluu unatoka hapo.

Kwenye DT na AG100 kuna tanki dogo la oili na pampu yake, mfumo ambao Yamaha waliuita Autolube na kuanza kuutumia mwaka 1964. Tanki hilo ni la oili ya 2T tu. Ukiweka oili nzito ya gari au ya bodaboda, pampu inahangaika, plagi inachafuka na ekzosi inajaa masizi. Gia boksi ina oili yake tofauti, na hiyo ndiyo inayofanana na ya bodaboda.

Ukinunua pikipiki ambayo hujui historia yake, usiiamini pampu siku ya kwanza. Changanya oili kidogo kwenye petroli ya tanki la kwanza, kiasi cha 50 kwa 1, yaani mililita 100 kwa lita 5. Weka alama kwenye tanki la oili. Ukitembea tanki zima la petroli na oili haijashuka hata kidogo, pampu haifanyi kazi. Pikipiki ya tustroki isiyotoa moshi kabisa si lazima iwe nzima. Inawezekana inakauka.

Wapo waliong'oa pampu na kuchanganya kwa mkono. Sio vibaya, ila pima kwa chupa yenye alama. Kwa 32 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka mililita 156 za oili. Kukadiria kwa kifuniko cha soda ndiko kunakonokisha injini.

Mteremko ndio mtego

Hapa ndipo wageni wengi wanaumia. Chukua barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona na mteremko. Mtu wa bodaboda atafunga resi, ataacha gia ishike na kushuka taratibu.

Kwenye tustroki, resi ikifungwa petroli inakatika, na oili inapungua nayo. Injini inazungushwa na gurudumu kwa kasi huku ikiwa karibu kavu. Pistoni ikipata moto inanata kwenye silinda, gurudumu la nyuma linajifunga ghafla, na wewe uko kwenye kona.

Dawa ni rahisi. Kila baada ya sekunde chache vuta klachi, piga resi kidogo, achia. Kidole kimoja kikae kwenye klachi muda wote, na injini ikikaza tu, vuta. Tustroki pia haishiki sana kwenye mteremko kama injini ya mipigo minne, kwa hiyo breki zinafanya kazi kubwa. Kagua viatu vya breki kabla ya safari, sio ukifika juu.

Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Pikipiki iliyosetiwa Dar es Salaam ikifika huko itavuta kivivu na plagi itakuwa nyeusi, kwa sababu hewa ni nyepesi na petroli imezidi. Inakera tu, haiui. Kinachoua ni kuweka jeti ndogo mlimani halafu kurudi nayo pwani. Huko petroli inakuwa pungufu, joto linapanda na pistoni inaondoka.

Plagi na sili vinasema ukweli

Fungua plagi baada ya kutembea. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi yenye majimaji ina maana petroli au oili imezidi. Nyeupe ni ya kusimama hapohapo na kutafuta hewa inapoingilia.

Mara nyingi inaingilia kwenye sili za krenki, ambazo huchakaa hata pikipiki ikiwa imeegeshwa. Ya upande wa magneto ikiisha, injini inavuta hewa na resi inachelewa kushuka. Ya upande wa klachi ikiisha, injini inanyonya oili ya gia boksi, moshi unakuwa mzito kama wa kuni mbichi na gia boksi inapungua bila tone kudondoka chini. Fundi akikwambia ni ringi, pima kwanza oili ya gia boksi.

Eakilina ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke, kisha ipakwe oili. Vumbi likipita hapo linaenda moja kwa moja kwenye krenki na silinda.

Kabla ya kulipa

Iwashe ikiwa ya baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto, subiri ipoe. Kiki iwe nzito, iwe inakurudishia mguu. Fungua kifuniko cha magneto ushike rota: ikicheza juu na chini, beringi za krenki zimekwisha, na hapo gharama si ya pistoni tu.

Uliza silinda imechongwa mara ngapi. Pistoni za saizi ya kuongeza huenda 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00, na namba mara nyingi imegongwa juu ya pistoni. Iliyofika 1.00 inasubiri slivu.

Kadi ya usajili ni muhimu kuliko rangi. Pikipiki ya mnada ambayo umiliki haukuwahi kuhamishwa TRA itakusumbua hata ikiwaka kwa kiki moja.

Na msitu una wenyewe. Hifadhi za misitu kama Magamba ziko chini ya TFS, kwa hiyo omba ruhusa na ulipe kiingilio kabla ya kuingiza gurudumu. Kiangazi, safisha masizi kwenye ekzosi kabla ya kwenda, maana cheche moja kwenye majani makavu inatosha kuwasha moto.