Kutoka Fremu ya Mbao hadi Cherehani ya Mkono Mrefu

Mfarishi ni shuka zito la kujifunika lenye matabaka matatu, yaani uso wa juu ambao mara nyingi huungwa kwa vipande vya vitambaa, pamba au sufu ya katikati, na kitambaa cha chini. Kazi ya kuyapitishia sindano matabaka hayo yote, kwa mishono ya maua, mawimbi au miraba, ili pamba isihame wala kujikusanya pembeni, ndiyo inayoitwa humu udarizi. Cherehani ya mkono mrefu, inayotumiwa leo na wadarizi wengi wa Marekani, imeshutumiwa mara kwa mara kuwa imeua sanaa ya mikono, ilhali historia yake yaonyesha kwamba ndiyo mrithi halali wa fremu ya mbao ya zamani.

Katika fremu hiyo mfarishi uliwambwa kati ya mbao mbili ndefu, ukakunjuliwa na kukunjwa kadiri kazi ilivyosonga, na mikono ndiyo iliyotembea juu ya kitambaa kilichotulia. Kaskazini mwa Uingereza kazi hii ilikuwa pia riziki. Huko Allenheads, mwishoni mwa karne ya 19, mwenye duka George Gardiner alichora mapambo kwa kalamu ya buluu juu ya nyuso za mifarishi, wateja wakaenda kudarizi wenyewe kwa kufuata mistari hiyo, na mwanafunzi wake Elizabeth Sanderson aliendeleza ufundi huo hadi karne ya 20. Katika vijiji vya makaa ya mawe vya Durham wanawake, wakiwemo wajane wa wachimbaji, waliendesha vyama ambavyo mteja alilipia mfarishi wake kidogo kidogo kila wiki. Na mwaka 1932 hoteli ya Claridge's ya London iliagiza mifarishi ya wadarizi wa Durham na Wales. Ni kosa, basi, kudhani kwamba kumlipa mtu mwingine amalize mfarishi wako ni desturi iliyoletwa na mashine.

Aliyebadili mpangilio huu ni fundi wa cherehani. Mwaka 1854 Allen B. Wilson alipata hataza ya meno yanayopanda, kuvuta kitambaa, kushuka na kurudi, mfumo ambao cherehani nyingi zingali zikiutumia. Kuanzia hapo sindano ikatulia mahali pamoja, kitambaa ndicho kikatembea, tena kwa mstari ulionyooka. Udarizi wa mwendo huru ulizaliwa kwa kuyakataa meno hayo: mshonaji huyashusha au kuyafunika, na mikono yake ndiyo huamua kitambaa kielekee wapi. Hata hivyo nafasi iliyo kati ya sindano na mwili wa cherehani ya nyumbani ni finyu, na mfarishi wa kitanda kikubwa, wenye upana unaozidi mita 2, hauna budi kuviringishwa na kusukumwa humo kwa nguvu. Kwamba njia hiyo ngumu ilizaa kazi bora ilithibitika mwaka 1989 huko Paducah, Kentucky, mfarishi wa Caryl Bryer Fallert uliodariziwa kwa cherehani ulipotwaa tuzo kuu ya maonyesho ya American Quilter's Society, heshima ambayo hadi wakati huo ilikuwa imeiendea mifarishi ya mkono tu.

Cherehani ya mkono mrefu, iliyoenea kutoka Missouri katika miaka ya 1980 kupitia kampuni ya Gammill, iliirudisha fremu: matabaka huwambwa juu ya mihimili, mashine nzima huwekwa juu ya magurudumu yanayokwenda kwenye reli, na mshonaji huishika vishikio na kuiongoza kana kwamba ni kalamu. Ndiyo maana anayeanza hukutana na masharti yaleyale ya kale, kwa kuwa kitambaa kilichowambwa kwa kukaza mno huvuta uzi, na kilicholegea huzaa mikunjo upande wa chini, asikokuona. Ugumu mpya ni kasi, maana mkono ukikimbia kuliko sindano mishono hurefuka, ukisita hurundikana. Baadaye kikaja kidhibiti cha mishono, kifaa kinachopima mwendo wa mashine na kuharakisha au kupunguza kasi ya sindano ipasavyo. Mchoro mrefu wa karatasi, unaotandazwa nyuma ya meza na kufuatwa kwa nukta ya mwanga wa leza, unafanya kazi ya kalamu ya buluu ya Gardiner, na wamiliki wengi wa mashine hizi huishi kwa kumalizia mifarishi ya wengine. Paducah yenyewe sasa hutoa tuzo moja kwa ufundi wa cherehani isiyosogea na nyingine kwa ile inayosogezwa, mgawanyo unaopima ujuzi kwa kuuliza kipi kilitembea, kitambaa au mkono.