Taruma na Mtu: Usalama wa Kazi katika Njia ya Reli ya Kindu

1. Utangulizi

Historia ya reli katika Maniema husimuliwa mara nyingi kwa miaka ya uzinduzi na urefu wa njia. Mtu aliyeshika mtaimbo na sululu hutajwa kwa nadra. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hatari zinazomkabili mfanyakazi wa njia ya Kindu hazikuzuka ghafla, bali zilikua kadiri utunzaji wa njia ulivyopungua.

2. Asili ya njia

Shirika la CFL liliundwa mwaka 1902, chini ya tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain. Kusudi lake lilikuwa kuunganisha sehemu za Mto Lualaba zinazopitika kwa meli, kwa kuyazunguka maporomoko. Kipande cha Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Kisangani na Ubundu za leo, kilifunguliwa mwaka 1906. Kile cha Kindu hadi Kongolo, chenye kilomita 355, kilimalizika mwishoni mwa 1910, na reli ya Kabalo ikafika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Lubutu, kaskazini mwa Maniema, ilibaki nje ya mtandao huo. Reli iliyo jirani nayo zaidi ni ile ya Ubundu.

Mwaka 1955 upana wa njia ya Kindu uliongezwa kutoka milimita 1000 hadi 1067, ili ilingane na reli ya Katanga, ambayo iliunganishwa nayo Kabalo mwaka 1956. Kazi hiyo ilidai reli isogezwe na kukazwa upya, taruma kwa taruma. Ikumbukwe kuwa tofauti hiyo ya milimita 67 ilitosha kulizuia behewa lisipite. Basi upana wa njia si jambo la kukadiriwa kwa macho.

3. Taruma linapolegea

Katika Kiswahili cha pwani, neno taruma hutaja pia ubavu wa chombo. Maana hizo mbili zinakaribiana: chombo kilicholegea mbavu hakiaminiki baharini, na njia iliyolegea mataruma haiaminiki nchi kavu. Mifereji ikiziba, maji ya mvua hutuama; kokoto huchanganyika na tope; taruma huoza au hushikwa na kutu; skrubu hulegea; reli mbili huachana kidogo kidogo. Hatimaye gurudumu hukosa pa kukanyaga.

Anayekutana na hatari hiyo kwanza ni mfanyakazi. Dereva hupita polepole mahali asipopaamini. Kikosi cha njia hubeba reli kwa mabega pale vifaa vinapokosekana. Wapandao kiberenge huweza kukutana na treni konani, ikiwa mawasiliano ya stesheni yamekatika. Behewa likianguka, ni wafanyakazi hao hao wanaoliinua kwa jeki juu ya ardhi isiyo imara.

4. Kuzorota kwa utunzaji

Mwaka 1974 mashirika ya reli yaliunganishwa kuwa SNCZ. Kati ya 1995 na 1997 uendeshaji ulikuwa mikononi mwa Sizarail, kisha ukarudi kwa dola chini ya SNCC. Vita vilivyoanza mwaka 1998 vilikata safari, na msitu ukaifunika njia. Wafanyakazi walidai mishahara ya miezi mingi. Na asiyelipwa huwezaje kudaiwa kuzunguka kila siku akikaza skrubu? Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa uchukuzi uliohusu pia SNCC, lakini ajali hazikukoma. Aprili 2014 makumi ya watu walikufa karibu na Kamina. Septemba 2019, huko Mayibaridi katika Tanganyika, serikali ilitangaza mwanzoni vifo 50. Machi 2022, huko Buyofwe katika Lualaba, treni ya mizigo iliyobeba abiria wa siri iliua zaidi ya watu 60. Sababu za ajali hizo haziwezi kurudishwa kwenye jambo moja. Hata hivyo, njia chakavu huyafanya makosa madogo kuwa misiba.

5. Hitimisho

Yafaa basi historia ya reli isomwe kuanzia chini, kwenye kokoto na mataruma. Usalama wa abiria hutanguliwa na usalama wa mtu wa njia. Na usalama wake hutegemea mshahara, vifaa na haki ya kusema kwamba mahali fulani hapapitiki, naye akasikilizwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: methali hiyo huifahamu reli kuliko ripoti nyingi.