Siku 51 kutoka Brussels hadi Léopoldville

Bandugu, juzi nilipanda ndeke Lubumbashi–Kinshasa. Ni kilometa kama 1 570, hewani masaa mawili na kitu. Lakini kabla ya kupanda nililala uwanjani siku mbili, kichwa juu ya mfuko. Pale ndipo nikamkumbuka Edmond Thieffry.

Huyo Mubelgiji, rubani wa vita ya 1914-1918, aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker, ndani ya ndeke ya motere tatu. Walikata Sahara, wakapita Fort-Lamy (ndiyo N'Djamena ya leo) na Bangui, kilometa zaidi ya 8 000. Léopoldville, Kinshasa yetu, walifika tarehe 3 Aprili. Siku 51!

Sasa fanya hesabu: hewani walikaa masaa 75 hivi, siku tatu na kidogo. Zingine zote ziliishia chini, kutengeneza ndeke na kungojangoja. Wakati ule meli ya Antwerp–Matadi ilitumia karibu majuma matatu. Kumbe maji yaliishinda hewa!

Leo safari ile ni masaa kama nane. Watu wanasifu motere, sawa. Mimi nahesabu pia viwanja, mafuta, mafundi, piesi.

Thieffry alirudi Congo kutafuta namna ya kuunganisha miji ya ndani kwa ndeke. Tarehe 11 Aprili 1929 alianguka nayo karibu na Ziwa Tanganyika, akafa.