Mafundi Cherehani wa Dagenham

Gari halitoki kiwandani bila viti. Wakuu wa Ford huko Dagenham, mashariki mwa London, walikumbushwa hilo Juni 7, 1968, pale mafundi cherehani 187, wote wanawake, walipoacha kushona vitambaa vya viti na kugoma.

Kilichowaudhi ni madaraja mapya ya kazi. Kampuni iliwaweka daraja B, la ujuzi mdogo. Wao walidai C, la mafundi. Zaidi ya hayo, mwanamke wa daraja B alilipwa asilimia 85 tu ya ujira wa mwanamume wa daraja hilohilo.

Madai ya malipo sawa yalikuwa ya zamani. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUC, lilipitisha azimio kuyahusu tangu 1888. Mwaka 1944, vita vikiendelea, Bunge liliwapitishia walimu wanawake mshahara sawa na wa wanaume kwa tofauti ya kura moja. Waziri Mkuu Churchill akalifanya suala hilo kuwa kura ya imani kwa serikali yake, na kifungu kikaondolewa. Watumishi wa umma walisubiri hadi 1955 ndipo mishahara yao ikaanza kusawazishwa, kwa awamu zilizoisha 1961. Viwandani hakukuwa na ahadi yoyote.

Huko Dagenham, akiba ya viti ilipokwisha, uzalishaji wa magari ulisimama. Washonaji wenzao wa kiwanda cha Ford cha Halewood nao waligoma.

Juni 28, Waziri wa Ajira, Barbara Castle, aliwaita viongozi wa mgomo, akiwemo Rose Boland, ofisini kwake. Walikubaliana ujira upande hadi asilimia 92 ya ule wa wanaume, na wanawake wakarejea kazini. Daraja C hawakulipata.

Hata hivyo, mgomo huo uliisukuma serikali. Castle aliwasilisha muswada, na Sheria ya Malipo Sawa ikapitishwa 1970. Waajiri walipewa muda wa kujiandaa hadi mwisho wa 1975. Lakini sheria ililinganisha hasa kazi zinazofanana, na kwenye vyumba vya ushonaji hapakuwa na mwanamume wa kulinganishwa naye.

Mwaka 1984 washonaji wa Ford waligoma tena, safari hii kwa wiki kadhaa. Kazi yao ikapimwa upya na jopo huru, na hatimaye wakapandishwa daraja walilolidai tangu 1968.