Kwa Nini Seliaki Isiitwe Mzio wa Ngano

Ukimwuliza mtu jina la Kiswahili la ugonjwa wa seliaki, jibu linalokuja upesi mdomoni ni "mzio wa ngano", au kwa lugha ya kila siku, "aleji ya ngano". Ni jina jepesi, na lina chembe ya ukweli, maana ngano imo katika chanzo cha ugonjwa. Hata hivyo nashikilia kwamba halifai, na hoja yangu naijenga juu ya vipimo vyenyewe. Mzio na seliaki hutafutwa kwa vipimo tofauti kabisa. Mgonjwa aliyepewa jina lisilo lake anaweza kupimwa kisichomhusu, akaambiwa yuko salama, akarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Mwenye mzio wa ngano akila chapati, mwili huamka ndani ya dakika au saa chache: midomo inavimba, ngozi inatoka vipele, kifua kinabana. Kazi hiyo hufanywa na kingamwili za aina ya IgE, na ndizo daktari anazozitafuta anapoichoma ngozi kidogo kwa kimiminika chenye protini za ngano, au anapoagiza damu ipimwe. Seliaki ina mwendo mwingine. Gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike ukikandwa, huufanya mfumo wa kinga wa mtu mwenye jeni fulani uugeukie utumbo mwembamba na kuuharibu polepole. Mtu huyo anaweza kuharisha miezi mingi. Anaweza pia asiharishe hata kidogo, akawa na upungufu wa damu usioisha kwa vidonge vya madini ya chuma, au akiwa mtoto, asiongezeke kimo. Kipimo cha IgE hakisemi lolote kuhusu utumbo wake. Tena gluteni imo pia katika shayiri na rai, kwa hiyo hata neno "ngano" ndani ya jina hilo linapotosha: mgonjwa ataacha mkate na kuendelea na uji wa shayiri.

Kipimo cha kwanza cha seliaki ni cha damu, na kwenye karatasi ya maabara huandikwa tTG-IgA. Herufi tatu za mwanzo ni kifupi cha transglutaminasi ya tishu, kimeng'enya ambacho kila mwili unacho na hukitumia, pamoja na kazi nyingine, katika kuponya majeraha. Mwaka 1997 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba hicho ndicho kingamwili za wagonjwa wa seliaki zinachokilenga. Hapa tofauti na mzio inakuwa wazi kuliko popote, kwa sababu kinachotafutwa katika damu ni silaha ambazo mwili umejielekezea wenyewe, wala si silaha dhidi ya ngano. Kipimo kingine cha damu, EMA, huonyesha jambo hilo kwa macho. Mtaalamu huweka seramu ya mgonjwa juu ya kipande chembamba cha tishu, kwa mfano ya umio wa tumbili au ya kiungamwana cha mtoto mchanga, huongeza rangi maalumu, kisha hutazama kwa hadubini. Kingamwili zikiwepo, nyuzi za misuli laini huonekana zimezungukwa na wavu wa kijani unaong'aa gizani.

Herufi IgA, zinazotaja aina ya kingamwili inayotafutwa, nazo zina mtego wake. Wagonjwa wa seliaki kama 2 au 3 kati ya 100 hawatengenezi IgA ya kutosha, na kwao tTG-IgA inaweza kutoka hasi ilhali utumbo unaumia. Ndiyo maana IgA ya jumla hupimwa pamoja nayo. Ikionekana haipo au ni kidogo mno, maabara hugeukia kingamwili za aina ya IgG. Jibu la tTG-IgA lisiloambatana na IgA ya jumla ni nusu ya jibu.

Madhara makubwa zaidi ya jina "mzio" yanahusu chakula. Kila mtu anajua kwamba mwenye mzio huacha kwanza kile kinachomdhuru. Kwa seliaki, kuacha kabla ya kupimwa huharibu ushahidi. Gluteni ikikoma, kingamwili hupungua mwezi hadi mwezi na utumbo huanza kupona; atakayepimwa wakati huo ni sawa na anayetafuta moshi baada ya moto kuzimwa. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka anayepimwa awe anakula gluteni katika mlo zaidi ya mmoja kila siku kwa angalau wiki 6. Aliyekwisha kuacha huombwa arudie kuila kwanza, na wengi hushindwa kwa sababu ya maumivu, wakabaki bila kujua kama wanapaswa kuikwepa gluteni maisha yao yote.

Wapo watakaosema kwamba damu ni kiashiria tu, na kwamba mwamuzi ni utumbo wenyewe. Kwa watu wazima wana hoja. Mwaka 1956 Margot Shiner alieleza njia ya kufikia utumbo mwembamba kwa mrija na kukata kipande cha nyama yake, na mwaka 1957 ikaja kapsuli ya Crosby, ambayo mgonjwa aliimeza ikiwa imefungwa kwenye mrija na kisu kidogo ndani yake. Siku hizi hutumika endoskopi, na huchukuliwa vipande kadhaa, maana uharibifu huweza kuwa sehemu moja na kukosekana jirani. Chini ya hadubini, utumbo mzima umejaa vijidole virefu vinavyofyonza chakula; wa mgonjwa wa seliaki aliyeathirika sana ni bapa. Lakini ubapa huo huweza pia kuletwa na vijidudu vya giardia, au na olmesartani, dawa ya shinikizo la damu. Nyama peke yake haitoshi, inasomwa pamoja na damu. Kwa watoto, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2012 na 2020 imekubali ugonjwa uthibitishwe bila kukata nyama, iwapo tTG-IgA imefika mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida na EMA ya sampuli nyingine ya damu ni chanya.

Pingamizi lililobaki ni kwamba "seliaki" ni neno geni lisilojieleza. Ni kweli, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tumbo. Lakini saratani nayo kwa Kiarabu ni kaa, na hakuna mgonjwa anayehitaji kujua hilo ili atibiwe. Jina lisilojieleza humlazimu mtu aulize. Linalojieleza vibaya humpa jibu la uongo kabla hajauliza. Na wanaodhani ni ugonjwa wa Wazungu peke yao wakumbuke kwamba mwaka 1999 uchunguzi wa watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, ulikuta zaidi ya 5 kati ya 100 wana seliaki, kiwango kinachopita kwa mbali kile cha Ulaya. Penye jeni husika na ngano mezani, ugonjwa unawezekana, na ngano imekwisha kuingia katika chai ya asubuhi ya miji yetu yote.

Kwa hiyo fomu ya maabara ya Kiswahili iandike "kingamwili za seliaki na IgA ya jumla", na kabla sindano haijaingia mkononi mgonjwa aulizwe kwa lugha ya nyumbani: bado unakula mkate, chapati au maandazi kila siku, au umekwisha kuacha?