Banjo Haikuwa ya Wazungu

Uliza Mkenya yeyote anayependa country banjo ni ya nani. Atakwambia ni ya wazungu wa mashambani huko Marekani. Hata mimi niliamini hivyo. Zii, wasee, tulidanganywa.

Watumwa wenye asili ya Afrika Magharibi ndio walioiunda, wakifuata vyombo vya kwao vya kibuyu na ngozi. Karne ya 19 wazungu wakaanza kujipaka weusi usoni na kupanda jukwaani na banjo, wakiwaigiza watu weusi ili watu wacheke. Miaka ya 1920 kampuni za kurekodi zikagawa soko kwa rangi: nyimbo za mashambani zikauzwa kama za wazungu, blues kama za weusi. Mweusi mwenye banjo akasahaulika.

Mwaka wa 2005, vijana watatu weusi, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, walikutana North Carolina kwenye mkutano wa wapiga banjo weusi. Kila Alhamisi wakawa wanaenda kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla aliyezaliwa 1918, kujifunza nyumbani kwake. Hivyo ndivyo Carolina Chocolate Drops ilizaliwa. Albamu yao ya 2006 ilitolewa na shirika dogo lisilo la faida. 2011 wakabeba Grammy. 2012 mzee akafariki.

Sasa fikiria wangechelewa miaka saba tu.

Mimi chuo niliacha, lakini darasa hili nimelielewa. Babu yako bado yuko? Mwendee wikendi hii, na simu iwe inarekodi.